Mwaka Usiotajwa

Karibu maisha yangu yote ya kazi nilikaa katikati ya mataifa mawili yenye mabomu ya nyuklia, na aliyenipanga hapo si Waziri wala si mkuu wa idara. Ni alfabeti. Katika mikutano ya kimataifa nchi hukaa kwa kufuata herufi za majina yao ya Kiingereza, na sisi kwa Kiingereza rasmi hatuanzi na Tanzania, tunaanza na Muungano. Majirani zetu wa kushoto na wa kulia nao majina yao yanaanza na habari hizo hizo za kuungana. Kwa hiyo sisi, ujumbe wa watu wawili na mkoba mmoja, tukawekwa katikati ya wakubwa ambao wasaidizi wao walijaza viti vya nyuma mpaka ukutani.

Wadogo zangu wa idara mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Vyeo na mishahara naviruka, hivyo mnavijua, na baadhi yenu mnavijua kunizidi. Naandika hapa nyumbani Sofu kwenye meza ya kulia chakula, maana meza ya ofisi nimeiacha Dodoma na sina hamu nayo. Ninachokitamani ni kile kiti. Nakitamani kuliko inavyompasa mtu mzima mwenye wajukuu, na ni afadhali niseme mapema kuliko nijifanye nimestaafu na moyo mweupe.

Niliingia kwenye dawati la silaha kwa sababu hapakuwa na aliyelitaka. Wenzangu waligombea uchumi na biashara, huko ambako wageni huja na kalenda nzuri. Faili la nyuklia lilikuwa chini kabisa ya kabati, likishikilia mguu mbovu wa kabati lenyewe. Afisa aliyenikabidhi alinitazama kwa huruma. "Dada, hili halina haraka," alisema. "Limekuwepo tangu sijazaliwa."

Mkuu wa ujumbe wetu alikuwa Balozi Mbonde, mtu mfupi, wa sauti ya chini, ambaye hukumsikia akigomba hata mara moja na bado ulimwogopa. Asubuhi yangu ya kwanza ukumbini hakuuliza nimesoma nini. Alitazama miguu yangu.

"Hivyo viatu vimekuja kufanya nini?"

"Ni vya mkutano, Mheshimiwa."

"Mkutano uko koridoni, binti yangu. Humu ndani watu wanasoma tu."

Jioni ile nikanunua viatu vya chini, na mpaka nastaafu sikuvaa vingine kazini. Mkisahau yote niliyoandika, kumbukeni viatu.

Kisha kuna kibao. Mbele ya kila ujumbe kuna kibao chenye jina la nchi, kimelala. Ukitaka kusema, unakisimamisha wima, mwenyekiti anakuona, anakupa nafasi. Mimi sikuambiwa. Meza ilikuwa finyu, nikakisimamisha ili nipate pa kuweka kikombe cha chai. Baada ya muda mwenyekiti akasema kwa heshima zote, "Tanzania, karibu." Ukumbi mzima ukanigeukia, na mimi nina biskuti mdomoni. Balozi Mbonde akajisogeza kwenye kipaza sauti, akamshukuru mwenyekiti, akatoa hotuba fupi ya kumuunga mkono mzungumzaji aliyetangulia, hotuba aliyoitunga wakati anavuta pumzi. Alipomaliza akakilaza kibao, akakisogeza kikombe changu upande wake, na hakulitaja jambo hilo tena. Nilimpenda kama baba tangu hapo.

Mnaoanza mtaambiwa kwamba kazi hii ni ya hotuba. Si kweli, ni ya mabano. Rasimu ya makubaliano huja imejaa mabano. Neno ambalo nchi fulani hailitaki linafungwa humo, na linakaa mpaka anayelikataa alegee au anayelitaka achoke. Nilidhani hilo ni suala la lugha, na lugha naijua. Balozi akanisahihisha tukiwa kwenye foleni ya supu, kwa sababu alipenda kufundisha akiwa na sahani mkononi.

"Usiyatazame mabano. Mtazame aliyeyaweka. Ana bosi nyumbani, na bosi wake ana hofu fulani. Ukiijua hiyo hofu, umepata pa kushika."

Yeye mwenyewe alikuwa na sentensi moja iliyoishi ndani ya mabano kwa miaka. Ilikuwa fupi kiasi cha kuudhi: Nchi zinazomiliki silaha za nyuklia zitataja mwaka ambao hazitakuwa nazo tena. Basi. Hakuwaambia waziteketeze kesho, wala hakutaka watubu. Walikwisha kuahidi zamani, kwa saini zao wenyewe, kwamba watakaa kwa nia njema wajadili namna ya kuzimaliza, naye alikuwa anauliza swali ambalo fundi cherehani yeyote wa Mlandizi huulizwa na wateja wake: lini? Kila mkutano aliiingiza. Kila mkutano ilifungwa mabano, ikahangaishwa, na mwishoni ikafutwa. Mkutano uliofuata akaiingiza tena, kwa sauti ile ile, kana kwamba ndiyo kwanza imemjia akilini.

Mama yangu aliishi Maneromango, nyuma ya misheni, na shamba lake la mihogo na mananasi. Mikutano yetu mikubwa iliangukia masika, kwa hiyo nilikosa Pasaka nyingi na palizi zote. Siku moja alitaka kujua hasa ninakwenda kufanya nini huko.

"Tunawaomba wenye mabomu watutajie mwaka watakaoyaacha, Mama."

"Wametaja?"

"Bado."

"Na wewe unakwenda tena?"

"Nakwenda."

Akaendelea kumenya muhogo. "Haya. Wasalimie."

Tangu hapo kila nilipofika, nikishatoa shikamoo na kuitikiwa marahaba, swali lilikuwa hilo: wametaja? Alikuwa ananitania. Ila mara nyingine alinitazama kidogo zaidi baada ya kuuliza, na nilijua kwamba siku ile hatanii.

Jirani yetu wa kushoto alikuwa bwana mmoja nitakayemwita Colin. Mwembamba, mpole, mwenye kuchonga penseli ambayo haijaisha ncha. Maelekezo yake kutoka kwao yalikuwa hayo hayo miaka yote: sentensi ya Tanzania isipite. Tuliazimana kalamu, tuligawana peremende, na kila ilipofika zamu ya aya yetu alinigeukia, akasema, "Samahani, jirani," kisha akaipinga bila huruma. Sikumchukia. Ukikaa na mtu bega kwa bega majira baada ya majira unamjua mpaka kikohozi chake, na kumchukia kunakuwa kazi ya ziada.

Mwaka mmoja alifika macho mekundu. Nikamuuliza kulikoni, akasema baba yake amefariki jana yake. Nikamuuliza sasa anafanya nini pale. Akasema mchana kuna aya ya nyuklia.

Nilipandwa na hasira kana kwamba ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nikampeleka mgahawani, nikamkalisha, nikamletea chai yenye sukari nyingi, nikakaa naye bila kusema, kama tunavyokaa msibani. Baadaye nikamwambia, "Kwetu mtu akifiwa, hata kesi ya mpaka wa shamba inaahirishwa. Mliyekuwa mnagombana naye juzi ndiye anayebeba jeneza upande wa pili."

"Na kesi inakwisha?"

"Haiishi. Inaendelea baada ya matanga."

Akacheka kidogo, akafuta macho. Nilipomsimulia Balozi Mbonde, alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti akaomba aya yetu isogezwe mpaka wiki inayofuata. Hakutaja sababu. Colin akapanda ndege akaenda kumzika baba yake, na aliporudi tukaendelea kugombana.

Balozi alistaafu akahamia Mbwawa, kwenye mikorosho yake. Siku ya kuagana hakunipa ushauri wowote. Alisema tu, "Nakuachia ile sentensi. Ningependa kuisikia imeingia nikiwa hai." Aliisema kwa utulivu kabisa, lakini nilimwona anageuka upesi kutazama dirishani. Kuanzia hapo kazi yangu yote, safari zangu zote, zilikuwa na maana moja. Nilitaka niende Mbwawa siku moja nikamwambie mzee yule kwamba imeingia.

Hapa lazima nieleze utaratibu wa ukimya, maana ndio ulionitoa jasho. Mwenyekiti akichoka na mabano, huandika rasimu yake mwenyewe, huisambaza kwa barua pepe, na kusema: mpaka saa sita mchana kesho, nchi isiyoandika kupinga imekubali. Ukinyamaza, umesaini. Ni utaratibu mzuri kwa nchi zenye watu kumi wa kusoma barua pepe. Kwa nchi yenye mtu mmoja, omba Mungu mtu huyo asiugue.

Mama alifariki wakati wa masika, katikati ya mkutano. Dada yangu Tabitha alinipigia nikiwa nimevaa kifaa cha kusikilizia wakalimani. "Mdogo wangu, toka nje kwanza," alisema, na kwa sauti ile nikawa nimeshajua. Nilirudi ukumbini kuchukua mkoba. Colin akanitazama. "Mama yangu," nilimwambia, na hakuuliza zaidi.

Barabara ya Maneromango wakati wa mvua wengine mnaijua. Gari lilizama kwenye tope muda mfupi baada ya kutoka Kisarawe mjini, tukamalizia safari juu ya trekta la mtu aliyekuwa anapeleka viti vya msiba huo huo wa mama yangu. Tukamzika mama. Kwaya iliimba vizuri mno, na mimi nilisimama pale nikiwaza kwamba sikuwahi kumjibu swali lake hata siku moja zaidi ya kusema bado.

Katika siku tatu hizo za msiba mwenyekiti alisambaza rasimu yake. Sentensi ya Balozi Mbonde haikuwemo. Ofisi yetu ya ubalozi kule mkutanoni ilidhani Dodoma itajibu. Dodoma ilidhani ofisi ya kule itajibu. Wote walinionea huruma kwa dhati, na wote walikubaliana kwamba nisisumbuliwe.

Kwetu mtandao hushika kwenye mwinuko juu ya kanisa, na hata hapo hushika ukipenda wenyewe. Nilipanda na Tabitha ili tuwapigie ndugu waliokosa kufika. Simu ilipowaka, ujumbe ukamiminika. Nikasoma rasimu, nikaitafuta sentensi, sikuiona. Nikasoma saa ya mwisho ya kupinga: ilikuwa imepita tangu jana. Nilikaa chini kwenye majani mabichi na nguo yangu ya msiba. Miaka yote ya mzee yule, na yangu, imekwisha kwa sababu hakuna aliyeandika mstari mmoja. Kisha nikaona ujumbe mwingine wa mwenyekiti, uliotumwa baadaye. Muda wa ukimya umeongezwa mpaka Jumatatu kwa ombi la nchi moja inayohitaji kushauriana zaidi na mji mkuu wake. Nchi yenyewe ilikuwa ya Colin.

"Nini tena?" Tabitha aliuliza. "Nani mwingine kafa?"

"Hakuna. Jirani yangu kaahirisha kesi."

"Jirani yupi, huyu wa hapa bondeni?"

"Wa kazini. Mzungu mmoja."

"Yuko upande wenu?"

"Hapana. Yeye ndiye anayeikataa sentensi yetu. Angekaa kimya tu angeshinda."

"Sasa kaahirisha ya nini?"

"Kwa ajili ya Mama."

Tabitha alikuwa hajalia tangu msiba uanze. Yeye ndiye aliyekuwa anapika, anapokea wageni, anagombana na waliochimba kaburi. Alilia pale juu, ameshika kiuno kama mtu aliyechoka kulima. Kisha akajifuta kwa kanga. "Basi andika," akasema. "Andika upesi kabla mvua haijatuchukulia mtandao."

Nilimpigia Mkurugenzi kwanza, kwa sababu utumishi ni utumishi hata ukiwa umefiwa. Akasema andika. Nikaandika mstari mmoja, kwamba Tanzania haiwezi kukubali rasimu isiyo na sentensi ile, nikabonyeza kutuma, nikaunyanyua mkono wenye simu juu kadiri ulivyofika. Ujumbe ulikwenda.

Niliporudi ukumbini Colin alisimama akanipa mkono. "Pole, jirani," alisema, neno hilo la Kiswahili alilojifunza sijui kwa nani. Nikamuuliza mji mkuu wake ulihitaji kushauriana kuhusu nini. Akachonga penseli. "Matanga yameisha?" akauliza. Nikasema yameisha. Basi akasimamisha kibao chake, akaipinga sentensi yangu kwa ufasaha ambao sijawahi kuusikia, na mimi nikamjibu, na tukaendelea hivyo wiki nzima. Simjui mtu niliyemheshimu zaidi katika kazi ile, ukimtoa Balozi. Alistaafu kabla yangu. Namkumbuka sana, na nadhani hata yeye, popote alipo, anakosa mtu wa kumwambia samahani jirani.

Sentensi iliingia. Iliingia ikiwa imepungua: badala ya "zitataja mwaka" ikawa "zinahimizwa kutaja mwaka", ndipo hata mji mkuu wa Colin ukalegea. Niliikubali hiyo koridoni, nimeegemea ukuta, baada ya kuhesabu marafiki tuliobaki nao na kuona hawatoshi kwa zaidi ya hapo. Ikatolewa mabano. Niliitazama kwenye kioo kikubwa cha ukumbi, imesimama peke yake, safi. Alasiri ya siku ya mwisho nchi nyingine kabisa, si ya Colin, ikasimamisha kibao ikakataa aya nyingine kabisa, isiyotuhusu. Kwa kanuni zetu, akikataa mmoja waraka wote umeanguka. Mwenyekiti akashukuru wote, akagonga nyundo, na watu wakaanza kukunja nyaya za kompyuta zao. Nilibaki nimekaa mpaka wahudumu walipokuja kukusanya glasi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mbwawa. Mama Mbonde alinipokea getini, akaninong'oneza nisikae sana, moyo wa mzee si mzuri na daktari amekataza mambo ya kazi. Mzee alikuwa kibarazani, kwenye kiti cha plastiki, shuka miguuni. Alikuwa amepungua sana.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Imeingia?"

Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakapotea. "Iliingia, Mzee. Ila waraka wenyewe haukupita."

Kuku walipita mbele yetu, Mama Mbonde akawafukuza.

"Isome."

Nikaisoma, naijua kwa moyo. Nilipofika pale kwenye kuhimizwa alikunja uso kama mtu aliyeguswa jino bovu.

"Zinahimizwa. Hilo nani kalikubali?"

"Mimi, Mzee. Bila hilo isingeingia."

Alifikiri. "Ningelikubali na mimi," akasema. Kisha akanigeukia, na macho yake yalikuwa yale yale ya ukumbini. "Sasa niambie. Na kama wangetuuliza sisi? Wangesema haya Tanzania, mmetusumbua miaka yote, tajeni nyie huo mwaka. Ungesema upi?"

Katika miaka yote ile ya kuwataka wengine wataje, hatukuwahi kuuchagua wa kwetu. Si mimi, si yeye, si faili. Tulizoea kukataliwa mpaka hatukujiandaa kwa siku ya kuulizwa. Nikaanza kujibu kiofisa, kwamba kuziteketeza kunahitaji muda, kuna ukaguzi, kuna makubaliano ya wenyewe kwa wenyewe, kitaalamu mtu angeweza kukadiria…

"Acha utaalamu," alinikata. "Taja wa karibu. Nataka niwepo."

"Mwakani," nikasema.

Alifumba macho, akatikisa kichwa taratibu kukubali. "Mwakani. Tanzania inaunga mkono." Akamwita mkewe. "Mama, lete chai. Tumemaliza."

Tukanywa chai. Tulizungumza habari za korosho na wajukuu kama watu wawili wanaojua kwamba jambo limekwisha, na sijawahi kutoka kwenye ukumbi wowote wa dunia hii nikiwa na furaha niliyokuwa nayo pale kibarazani.

Tulimzika kabla mwakani haijafika. Ilifika bila yeye, ikapita, zikafuata nyingine, na mimi nikastaafu, na mabomu yako pale pale. Kila mwaka mpya ukiingia natamani uwe ndio huo. Nyie sasa ndio mnaokaa pale katikati. Siku wakiwageukia wakawauliza, msianze na utaalamu. Semeni mwakani.